Umeona au Umekumbuka?

Marubani wazee wa kampuni ile walikuwa na maneno matano waliyorithishana kama watu wengine wanavyorithishana shamba: kengele, sufuria, mwavuli, kiatu, dirisha. Ungewakuta wawili wakikutana kwenye korido, mmoja anasema "Kengele!" na mwenzake anamjibu "Sufuria!", halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, ungedhani wamerukwa na akili. Kumbe walikuwa wakihakikishiana kwamba akili bado zipo, au angalau bado zinaonekana kuwepo.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Rubani yeyote aliyevuka miaka sitini alipelekwa kwa daktari wa marubani kila baada ya miezi michache, apimwe macho, masikio, moyo, na mwisho kabisa kichwa. Daktari alimtajia mtu maneno matano, akamshughulisha kwa hesabu za kutoa, akamchoresha uso wa saa, kisha akamuuliza yale maneno yalikuwa yapi. Kipimo kizuri, hakina ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwa daktari, ambaye alikuwa mtu wa mazoea, na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kubadilisha hata neno moja. Aliyegundua kwanza alimnong'oneza wa pili, wa pili akamnong'oneza wa tatu, na sasa hakuna rubani mwenye mvi asiyeyajua maneno yale vizuri kuliko anavyoijua namba ya simu ya mkewe.

Mzee Tazama naye aliyajua. Jina hilo si alilopewa na mama yake. Alibandikwa na wanafunzi wake. Alikuwa amerusha ndege tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, akafundisha vijana wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu, na kila aliyekaa kiti cha upande wa kulia kwake alisikia wimbo uleule: "Tazama kwanza, ndipo ujibu." Ukijibu haraka mno, aligeuka pole pole, akakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Umeona, au umekumbuka?" Kijana mmoja alijaribu kumchomekea methali, kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Akapewa vidonge vyake papo hapo. "Wahenga walikuwa na hekima nyingi," Mzee Tazama alimwambia, "lakini hawakuwahi kutua ndege. Humu ndani, mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa."

Basi asubuhi moja alikaa mbele ya daktari, akatoa saba saba kutoka kwenye mia mpaka akaambiwa inatosha, akachora saa yake, na alipoulizwa maneno akayamimina yote matano bila kupepesa macho.

"Ng'ombe hazeeki maini!" daktari alisema akicheka, akagonga muhuri.

Mzee Tazama alitoka akiwa amevimba kifua, akafika uwanja wa magari, na hapo akasimama. Hakujua gari lake liko wapi. Alipita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akarudi wa kwanza, akaanza kubonyeza ufunguo huku na huku mpaka gari lenyewe likamwonea huruma, likalia. Si neno, alijiambia, kila mtu husahau alipoegesha gari. Na ni kweli, kila mtu husahau. Ila si kila mtu hugeuka kwanza kuangalia kama daktari yuko dirishani.

Nyumbani mkewe alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, na macho ya fundi wa nguo huona uzi uliofumuka kabla mwenye nguo hajajua.

"Daktari kasemaje?" alimuuliza.

"Kasema mimi kijana."

"Huyo anakuona mara moja kwa miezi kadhaa. Mimi nakuona kutwa kucha." Alikata uzi kwa meno. "Jana kwenye chakula umeniuliza mara tatu mjukuu wetu anafanya mtihani lini. Na miwani yako nimeitoa kwenye friji."

"Joto hili, hata miwani inahitaji kupumzika."

Mke alicheka, maana mumewe alikuwa anajua kumchekesha, na kwa mzaha kama huo alikuwa amesamehewa mengi tangu ujana wao. Lakini safari hii aliweka mkasi chini.

"Baba watoto, nisikilize. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na wewe kilio chako hakitakuwa cha nyumba moja. Unabeba watu mgongoni."

"Kwa hiyo unataka nimwage unga kwa ajili ya miwani?"

"Nataka urudi nyumbani. Kila siku nataka hilo tu."

Mzee alimpa mgongo, akaenda kibarazani kupiga rangi viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Tusimlaumu haraka. Mtu aliyeitwa kapteni zaidi ya nusu ya maisha yake huogopa kitu kimoja kuliko kifo: kuvua kofia ile na kukuta chini yake hamna mtu. Mzee Tazama aliogopa hilo, na hofu yake aliipiga rangi pamoja na viatu.

Wiki ile ile alipangiwa safari na Msumari. Huyu alikuwa rubani msaidizi, binti aliyepitia mikononi mwake tangu hajui hata kufunga mkanda wa kiti vizuri, na wenzake walimwita Msumari kwa sababu ukimgonga hapindi. Ndege ilikuwa ile yenye injini mbili za panga, ya safari fupi, imejaa watu na mizigo yao. Kwenda alirusha kapteni. Kurudi ilikuwa zamu ya Msumari.

Kampuni ilikuwa na utaratibu wake: anayerusha huuliza, asiyerusha hutazama na kujibu. Ni mazungumzo makavu, ya neno kwa neno, na marubani huyafanya mara nyingi kiasi kwamba wengine huyaota usingizini. Walipokaribia kutua, anga ilikuwa safi, njia ya kutulia inaonekana mbele imenyooka, na Msumari akasema, "Magurudumu chini."

Mkono wa kapteni uliinuka kuelekea kwenye wenzo wa kuyashusha. Wakati huohuo mnara ukaita kwenye redio. Kulikuwa na ndege mbele yao iliyokuwa inajikokota, na mwongozaji alitaka wapunguze mwendo. Kapteni akaongea na mnara kwa ile sauti yake tulivu iliyowafanya waongozaji wote wampende, akamaliza, na mkono wake ukarudi gotini ukiamini kwamba umefanya kazi uliyotumwa.

"Vibawa?" Msumari aliuliza.

"Vimeshuka." Na kweli vile vibamba vya nyuma ya mabawa vilikuwa vimeshuka.

"Magurudumu?"

"Chini. Tatu kijani."

Ulimi hauna mfupa. Jibu hilo lilikuwa limetoka kinywani mwake maelfu ya mara, na kila mara lilikuwa kweli, kwa sababu kila mara kulikuwa na taa tatu za kijani pale chini ya wenzo, moja kwa kila gurudumu lililojifunga mahali pake. Na hili ndilo lililomtisha zaidi baadaye, alipokuwa peke yake: hakuwa amedanganya. Angeapa mbele ya hakimu kwamba aliziona.

Msumari alitazama. Pale penye taa palikuwa na giza tupu.

"Tunapaa upya," alisema. Hakupiga kelele. Mkono wake ulisukuma nguvu za injini mbele, pua ya ndege ikainuka, na njia ya kutulia ikapita chini yao bila kuguswa. Ndege ina king'ora chake cha kuonya, na huenda kingelia kwa wakati. Lakini Msumari hakufundishwa kusubiri king'ora.

"Kwa nini?" kapteni alianza kwa ukali, kisha macho yake yakashuka kwenye wenzo. Ulikuwa juu. Kisha mwili ulioijua kazi ukaamka: akaongea na mnara, akapandisha vibawa kwa mpangilio, akawaambia abiria kwa upole kwamba wanazunguka mara moja na watatua muda si mrefu. Abiria walionung'unika walinung'unikia kuchelewa.

Mara ya pili Msumari aliuliza vilevile, kwa sauti ileile, wala hakuongeza neno. "Magurudumu?"

Mzee Tazama aliinama, akaweka kidole juu ya taa ya kwanza, akakihamisha kwenye ya pili, akakihamisha kwenye ya tatu, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Chini. Tatu kijani," alisema. "Nimeona."

Walitua vizuri mno, wala kikombe hakikumwagika. Abiria walipokuwa wanashuka, bibi mmoja mwenye fimbo alisimama mlangoni kwa marubani, akamshika kapteni mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante sana baba. Mungu akuweke. Umetufikisha."

"Mshukuru huyu, mama," kapteni alimjibu, akimwonyesha Msumari. "Mimi leo nilikuwa abiria kama wewe."

Bibi alicheka akidhani ni mzaha wa marubani, akashuka ngazi hatua moja moja.

Wakabaki wawili katika kile chumba chao kidogo, injini zimezimwa, joto linaanza kuingia. Msumari alifungua mkanda wa kiti, akaikunja mikono mapajani.

"Kapteni, lazima ripoti iandikwe," alisema akitazama mbele. "Naomba uiandike wewe. Usipoandika, nitaandika mimi. Nitalia nikiiandika, lakini nitaandika."

Maneno makali yalimpanda mzee mpaka kooni. Alitaka kusema, unajua ni nani aliyekupa hizo mbawa za urubani kifuani? Akasema nusu yake tu. "Mimi ndiye niliyekufundisha, mwanangu."

"Ndiyo maana nilitazama."

Mzee alijifunika uso kwa kofia. Msumari akamwacha, akijifanya anapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mzee alipoitoa kofia, macho yalikuwa mekundu, lakini kitu fulani usoni kilikuwa kimelegea, kama mtu aliyetua gunia alilolibeba muda mrefu huku akiwaambia watu ni jepesi.

"Asante," alisema. Neno lilitoka kwa shida, kisha likamwia tamu, akalirudia. "Asante, Msumari. Nimefundisha wengi. Ingekuwa mmoja tu ndiye aliyenisikia, namshukuru Mungu ni wewe, na ni leo."

Ripoti aliandika mwenyewe, bila kupaka rangi. Kesho yake alikwenda kwa daktari bila miadi, na safari hii mkewe alikuwa kwenye gari.

"Mbona umerudi?" daktari alimuuliza. "Umesahau kitu?"

"Ndiyo. Ndicho kilichonirudisha." Alikaa, akaweka kofia magotini. "Kengele, sufuria, mwavuli, kiatu, dirisha."

"Sijakuuliza bado."

"Hapo ndipo penye tatizo, daktari."

Akamweleza yote: maneno yaliyorithishwa, gari lililopotea, miwani kwenye friji, na taa tatu alizoziona ambazo hazikuwepo. Daktari alisikiliza huku uso ukimbadilika rangi. Alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Wanajua wangapi?"

"Wote wenye mvi," Mzee Tazama alisema. "Na wenye upara."

Daktari akaangua kicheko kisichokuwa na raha. "Kumbe miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nauliza bila kutazama. Mazoea yana taabu." Akamtazama mgonjwa wake kana kwamba wamekutana leo. "Haya, mzee mwenzangu. Tuanze upya, mimi na wewe."

Akamtajia maneno mapya. Akamtolesha hesabu, akamchoresha saa, akamuuliza. Mzee Tazama alikumbuka sabuni. Baada ya kukaa sana, akakumbuka kamba. Yale mengine matatu aliyatafuta kila pembe ya kichwa chake, na hayakuwepo. Ni ajabu kukosa kitu ambacho hujui hata umbo lake. Lakini hakubahatisha. "Mengine siyaoni," alisema, na daktari akainamisha kichwa kwa heshima.

Ikafuata hospitali kubwa, mashine ya kupiga picha ya kichwa, mtaalamu aliyemuuliza maswali mpaka wote wawili wakaomba maji. Jibu lilipokuja lilikuwa la katikati, kama majibu mengi ya uzeeni. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kuchakaa. Si kwamba kesho atasahau wanawe. Kwa kutembea, kulala vizuri, kutuliza presha ambayo ilikuwa juu, kuvaa kifaa cha sikio alichokuwa anakikataa kwa ubishi, na kukaa na watu, huenda kuchakaa huko kukaenda taratibu. "Bado una miaka mizuri," daktari wa marubani alimwambia. "Ila si ya angani."

"Nipe hiyo karatasi ya kuacha kurusha, nitie sahihi," alisema Mzee Tazama. Alitia sahihi mkono ukiwa imara.

Alipotoka hakulitafuta gari. Mkewe alikuwa ndani yake, akipiga honi kama dereva wa harusi. Aliingia kiti cha abiria, akafunga mkanda, akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na mkewe akamwacha alie, akamshika shingo tu kwa ule mkono wake wenye vidole vya kuchomwachomwa na sindano. Alipomaliza, alijikuta anafanya jambo ambalo hakulitarajia: anashukuru. Alishukuru kwa kila njia ya kutulia iliyompokea. Alishukuru kwa watu wote aliowashusha ngazi wakiwa wazima, ambao hakuwajua majina, ambao mahali fulani walikuwa wanapika, wanagombana, wanalea watoto. Alishukuru kwamba mdomo wake ulipomsaliti, pembeni yake palikuwa na macho. Kofia ilikuwa imevuliwa, na alipopapasa chini yake alikuta mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mzee, mwenye njaa.

"Twende tukale," alimwambia mkewe.

Miezi ilipita. Msumari akapandishwa cheo, akawa kapteni, na kwa desturi ya marubani wale aliyekufundisha ndiye anayekuvalisha mistari minne ya mabegani. Basi akaja nyumbani kwa mzee na sare yake mpya. Mke wa mzee alimpunguzia kwanza mikono ya koti, kwa sababu, alisema, washonaji wa kampuni wanadhani marubani wote ni wanaume wanene. Mzee alimvalisha ile mistari. Vidole vilibabaika kidogo kwenye kifungo, na Msumari akasubiri bila kusaidia, naye mzee kwa kutosaidiwa akashukuru.

"Wazee wenzako wamekununia," Msumari alimwambia walipoketi kunywa chai. "Daktari sasa anabadilisha maneno kila mara. Wanasema umewaharibia."

"Na wamepita?"

"Wengi wamepita vizuri tu, walikuwa wanaogopa kivuli. Mmoja alikwama. Kuchunguzwa, kumbe anakosa pumzi usingizini, halali hata kidogo, mwenyewe hajui. Ametibiwa, amerudi kazini ana akili kuliko mimi. Ameniambia nikuletee asante yake. Amesema uipokee, asije akaisahau."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Chai ilikuwa nzuri. Aliipika mwenyewe, maana siku hizi jiko lilikuwa zamu yake mchana, na alijivunia. Msumari alikuwa anaeleza kuhusu rubani msaidizi wake mpya anayejibu haraka kama redio, ndipo sauti ya mke ikatoka chumba cha mbele, juu ya mlio wa cherehani.

"Baba watoto! Jiko?"

"Nimelizima," alijibu palepale.

Cherehani ikanyamaza.

"Umeona, au umekumbuka?"

Msumari aliinamisha macho kwenye kikombe chake. Mzee alikaa kidogo na lile jibu mdomoni, jibu ambalo alikuwa na hakika nalo, maana alijiona kabisa akiinama, akizungusha kitufe, moto ukizimika. Kisha akashika mikono ya kiti, akainuka, akaenda jikoni kutazama.

Moto ulikuwa unawaka, wa buluu, mtulivu, juu yake hamna kitu. Pembeni kidogo palikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo, na ncha yake ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Alizima. Akakisogeza kitambaa. Akaweka kidole juu ya kitufe, akakiacha hapo mpaka macho yaliporidhika, kisha akarudi na kusimama mlangoni mwa chumba cha mbele, mkewe amemgeukia na sindano mdomoni.

"Lilikuwa linawaka," alimwambia. Hakutafuta mzaha wa kulifunika. "Sasa limezimwa. Nimeona. Asante, mke wangu."

Mkewe alitoa sindano mdomoni. "Haya," alisema, "nenda kamalizie chai na mgeni, inapoa." Na cherehani ikaendelea.